Kidonge Nilikitoa Mimi

Kaltuma binti yangu,

Salaam aleikum, ingawa leo tumeshasalimiana mara tatu na uko hapo sokoni tu na mama yako mnatafuta blanketi. Nimekataa kwenda nanyi kwa makusudi. Nilitaka nyumba iwe kimya kati ya alasiri na magharibi nipate kuandika. Kesho asubuhi unapanda basi la Eldoret kwenda kusomea upimaji wa ardhi, nami nina neno ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miezi kumi. Kiborana tunachoongea nyumbani sijajifunza kukiandika, kwa hiyo utavumilia Kiswahili changu cha darasa la nane.

Mambo ya ndoo, ya kufuli, ya kutoazimana nguo na wasichana wenzako, mama yako ameyasema yote na atayarudia stendi. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii ni ya ugonjwa wangu wa moyo.

Nilianguka mara mbili. Ile mara ya pili unaamini ulisababisha wewe. Uliamini hivyo mbele ya daktari, ukaamini hivyo ulipoahirisha chuo mwaka mzima ili unitunze, na juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako kwamba utapiga simu asubuhi na jioni kuulizia dawa zangu, kwa sababu “mimi nilimkosea Abba mara moja.” Hukunikosea, Kaltuma. Aliyekosa ni mimi, na nimekuacha ulibebe kosa langu. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini niache nianzie nyuma kidogo, maana kosa lile lilizaliwa na mazoea ya miaka mingi.

Kazi yangu unaijua. Tangu ujana mimi ni dalali wa ngamia na ng’ombe hapa Isiolo. Sisi wa zamani hatutaji bei kwa sauti. Tunafunika mikono kwa shuka, nashika vidole vya mnunuzi, kidole hiki elfu kumi, kile elfu moja, naye ananijibu vivyo hivyo, na waliosimama karibu wanaona nyuso zetu tu. Uso wa dalali hausemi kitu. Hiyo ilikuwa sifa yangu sokoni na nilijivunia sana. Ubaya ni kwamba nikifunga kazi niliurudisha uso ule ule nyumbani, nikala nao chakula, nikalala nao.

Kifua kilianza kunibana karibu mwaka mzima kabla sijaanguka. Nikitoka msikitini kwenda soko la mifugo, pale njia inapopanda kidogo, kitu kizito kinanikalia kifuani. Nikisimama na kujifanya natafuta simu mfukoni, kinaondoka. Nikianza kutembea, kinarudi. Siku nyingine kilishuka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho, siku nyingine kikapanda kwenye taya nikadhani ni jino. Nilikwenda kwa mtu wa meno, Kaltuma! Aling’oa jino zima lisilo na hatia yoyote, nami nikamlipa na kumshukuru. Mimi ambaye namtambua ngamia mgonjwa kwa namna anavyoinuka asubuhi.

Halafu nikajitibu kwa dawa ya baba yangu. Kwetu Garbatulla mtu akibanwa kifua anayeyushiwa mafuta ya nundu ya ngamia, anakunywa kikombe kizima yakiwa moto, eti yasafishe ndani. Nilikunywa kila Ijumaa. Mama yako akiuliza, nasema nina mafua. Juu ya mafuta nikaongeza sigara, miraa ya mchana kutwa, na chai ambayo sukari yake ingetosha harusi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi mwenyewe nimewasomea watu methali hiyo kwenye matanga.

Babu yako, huyo huyo aliyenirithisha dawa ya mafuta, alianguka kisimani akinywesha ng’ombe, mkono umeshika kifua. Tukasema ni jicho la watu, kwa sababu mwaka ule mifugo wake walikuwa wamezaa vizuri. Ndugu yake naye akaenda hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini hilo jicho linapenda vifua vya ukoo wetu.

Siku ya kwanza kuanguka ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kidato cha nne. Nilikuwa sokoni, mkono chini ya shuka pamoja na Hassan, yule mnunuzi wa ngamia unayemwita mjomba. Nilikuwa nimemwambia bei, naye ananibana vidole kuipunguza. Ghafla kile kitu kizito kikaja, na safari hii hakikuondoka. Jasho likanitoka mpaka likaloanisha shuka. Uso wangu, kama kawaida, haukusema kitu. Hassan alinisimulia baadaye kwamba alidhani ni ujanja wa bei, akaongeza elfu tano!

Kisha akafunua shuka mbele ya watu wote, jambo ambalo hatujawahi kufanya, akaninyanyua mkono akautazama.

“Guyo, mkono yako iko baridi hivi kwa nini? Unacheza na mimi ama unakufa?”

Nikamwambia, “Ni gesi tu.”

“Gesi gani inatoa mtu jasho hivi? Ingia gari!”

Namshukuru Hassan kila ninapoamka. Angekuwa mtu wa kuheshimu uso wangu, ungekuwa yatima. Namshukuru na yule muuguzi wa hospitali ambaye hakungoja nieleze habari ndefu. Alinibandika waya kifuani, akaitazama karatasi yenye mistari, akaniwekea vidonge vya aspirini mdomoni. “Mzee, tafuna. Usimeze nzima, tafuna!” Namshukuru dereva aliyetupeleka Meru na yule aliyetupeleka Nairobi, na mama yako aliyekaa njia nzima ameshika mguu wangu kama mtu aliyeshika kamba ya ndama. Namshukuru Mungu kwanza, kisha hao. Sikujua kabla ya hapo kwamba uhai wangu umeshikwa na watu wengi kiasi hicho.

Nairobi daktari alinichorea moyo nyuma ya karatasi ya hospitali. Ulikuwa umesimama pale, lakini ulikuwa unalia na sidhani ulisikia, kwa hiyo nitakusimulia tena. Alisema moyo ni nyama inayofanya kazi bila kupumzika, na nyama hiyo inahitaji damu yake yenyewe. Haijinyweshi kutoka kwenye ile damu inayopita ndani yake. Ina mishipa yake miembamba inayoizunguka kwa nje. Katika kuta za mishipa hiyo mafuta hujijenga polepole, miaka na miaka, na sigara, presha na sukari huziharibu kuta ziyapokee zaidi. Nilikumbuka bomba la kisima cha Garbatulla, ambalo likikatwa unakuta chumvi imejenga ndani mpaka limebaki tundu la kupitisha kidole.

Njia ikiwa nyembamba hivyo, ukitembea moyo unakosa damu ya kutosha na unabana. Ukipumzika, unatulia. Kwa hiyo ule mwaka mzima nilipokuwa najifanya natafuta simu, moyo ulikuwa unaomba msaada. Siku ya kuanguka ni siku utando wa yale mafuta unapopasuka. Damu inakimbilia pale na kuganda, kama inavyoganda kwenye goti lililochunika, na njia inafungwa kabisa. Nyama iliyo mbele ya hapo inaanza kufa, na kila dakika inayopita inakufa zaidi. Ndiyo maana yule muuguzi hakutaka hadithi.

Walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, nikiwa macho kabisa, wakaufuata mpaka moyoni. Wakapanua palipoziba na kuacha kibomba kidogo cha wavu wa chuma kishikilie njia. Wanakiita stenti. Nilipotoka mle ndani nilipumua mpaka chini kabisa, pumzi ambayo nilikuwa nimeisahau, na nikalia mbele ya vijana walionisukuma kitanda.

Tukarudi nyumbani, na wewe ukawa serikali. Sigara ulizitupa zote, hata zile nilizoficha kwenye kiatu cha mvua. Miraa ukanikataza mbele ya marafiki zangu. Ulinitembeza kila asubuhi mpaka uwanja wa ndege na kurudi, mwanzo polepole, kisha kwa mwendo wa kukimbizana. Mama yako akapunguza chumvi na mafuta, nikalalamika wiki tatu, kisha nikagundua kwamba nyama ina ladha yake yenyewe. Ramadhani ilipokaribia ulikwenda kumwuliza daktari kabla mimi sijafungua mdomo, ukarudi na jibu kwamba mwaka huo nisifunge, nilishe maskini. Nilikasirika kwa siku moja. Nilishukuru kwa mwezi mzima, na hilo sikukuambia pia.

Ukanunua kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku saba, ukawa unapanga vidonge: cha presha, cha kupunguza kasi ya moyo, cha mafuta ya damu, aspirini, na kile kidogo cha rangi ya waridi cha kuzuia damu isigande kwenye stenti. Hicho cha waridi daktari alikisema peke yake, mbele yetu sote. Chuma ni kigeni mwilini, alisema, na damu itataka kugandia juu yake. Kisikosekane hata siku moja mpaka yeye mwenyewe aseme.

Sasa nafika.

Kile kidonge kilinifanya nivuje. Nikipiga mswaki, ufizi unatoa damu. Siku moja kondoo mmoja alinigusa mkono kwa pembe, mguso tu, na alama nyeusi ikakaa wiki mbili. Rafiki yangu Jillo, dalali mwenzangu, akaiona. “Guyo, hii dawa inafanya damu yako maji. Mwanaume bila damu ni nini?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Jillo hakuwa na nia mbaya, ni mdomo wake tu. Ningekuja kwako ningekuambia, “Kaltuma, hiki kinanivujisha damu, muulize daktari.” Ungeuliza siku ile ile. Lakini nilivaa uso wangu wa sokoni.

Ulipokuwa unajiandaa kwenda Biliqo kwenye harusi ya binamu yako Talaso, ulinunua kisanduku cha pili, ukajaza vyote viwili, siku kumi na nne, vyumba vyote. Nilikuona ukivihesabu kwa kidole mara mbili. Gari lako lilipoondoka tu, nilifungua vyumba vyote kumi na vinne, nikatoa vile vya waridi kimoja kimoja, nikavitupa chooni. Nilivitoa kwa pamoja ili mama yako asinione nikichagua kila asubuhi.

Siku ya tisa nilianguka nikitawadha kwa adhuhuri.

Mama yako alivitia visanduku kwenye mkoba wake akavibeba mpaka hospitali. Wewe ulifika kutoka Biliqo na vumbi la njia nzima usoni. Daktari alikuwa amefungua vile vyumba vya siku zilizobaki, anatazama.

“Nani anapanga dawa ya mzee?”

“Ni mimi.”

“Na hii ya kuzuia damu kuganda iko wapi?”

Ulivipitia kimoja kimoja kwa kidole. Niliona unajaribu kukumbuka. “Nilikuwa na haraka ya gari,” ukasema. “Labda nilisahau. Nilisahau, daktari.” Kisha ukakaa chini, kwenye sakafu.

Mimi nilikuwa macho, Kaltuma. Mpira wa hewa ulikuwa puani. Mdomo ulikuwa wazi, na ulimi ulikuwa mzima. Nilikusikia kila neno, na nikafumba macho.

Walinifungua njia tena. Sehemu ya moyo ilikuwa imekufa na haitarudi, ndiyo maana sasa nina kidonge kingine, na ndiyo maana miguu ilinivimba ile miezi ya mwanzo. Wewe uliandikia chuo kwamba huendi mwaka ule. Nilikuambia, “Usiache masomo kwa sababu yangu,” na nilijua neno moja tu ambalo lingekuondoa hapa, nikakunyima.

Kwanza nilinyamaza kwa aibu. Baadaye, na hili ndilo linaloniuma zaidi kuliandika, nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Ulikuwa hapa. Chai yangu ilikuja bila sukari na pamoja nawe. Tulitembea kila asubuhi. Hatia yako ya uongo ilikuweka karibu nami, na mimi nilifurahia ukaribu huo, nikauita upendo wa mwanangu. Ulikuwa upendo kweli. Lakini nilikuwa nauchukua kwa hila, na mtoto hadaiwi namna hiyo.

Mwezi uliopita kliniki nilimwambia daktari. Aliacha kuandika, akavua miwani. “Mzee, ungeniambia ufizi unavuja, ningekubadilishia mswaki. Si dawa.” Mswaki, Kaltuma! Kipande cha moyo wangu kilikufa kwa sababu ya mswaki mgumu na maneno ya Jillo. Jana nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele, na akaendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, “Mwambie kabla hajapanda gari, ama nitamwambia mimi.” Hajanisemesha tangu hapo, isipokuwa kuniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo usipige simu asubuhi na jioni. Piga ukitaka kunisalimia. Dawa zangu nazipanga mwenyewe sasa, na kinachonisumbua namwambia daktari siku hiyo hiyo, mbele ya mama yako.

Ninachokuomba ni cha mwili wako wewe. Damu yangu ni yako, na wale wanaume wawili wa ukoo wetu ni wako pia. Sikuambii hivi uogope. Ukiwa huko, pima presha angalau mara moja kwa mwaka, hata ukijiona mzima, kwa sababu presha haina sauti. Na mafuta ya damu siku moja wakupime, na sukari. Kazi yako itakutembeza sana mashambani, hilo nalishukuru, miguu yako itakulinda. Daktari aliniambia pia kwamba mwanamke mara nyingine moyo haumbani kama ulivyonibana mimi. Anaweza kuchoka bila sababu, akakosa pumzi, akasikia kichefuchefu, mgongo au taya ikauma. Siku yoyote mtu akikuambia ni gesi, hata akiwa mumeo, hata akiwa ni mimi, usimsikilize. Nenda upimwe. Na ukimwona mtu mwingine ameshika kifua anatoka jasho, usimheshimu uso wake. Mfanyie kama Hassan alivyonifanyia.

Nakushukuru. Nimeandika majina ya wengi hapo juu, lakini wewe ndiye uliyenitembeza mpaka nikaweza tena kupanda ile njia ya soko bila kusimama. Ulinipa mwaka wako, nawe ulidhani unalipa. Hukuwa unalipa chochote. Ilikuwa zawadi tangu siku ya kwanza, na nataka uende Eldoret ukijua hivyo.

Limebaki moja. Tangu siku ile ya hospitali umeacha kubishana nami. Zamani ulinipinga kwa kila kitu, siasa, mahari ya dada yako, hata umri wa mbuzi niliyemnunua kwa macho yangu mwenyewe, na mara nyingi ulishinda, ukacheka mpaka majirani wakasikia. Siku hizi nikisema upuuzi unasema, “Sawa, Abba,” na unatazama kifua changu kabla ya kutazama uso. Unaogopa neno lako litaniangusha. Daktari alinitembeza kwenye mashine yao mpaka shati likalowa, akitazama mistari ya moyo, akasema huu unaweza kazi. Basi unaweza na hasira yako.

Barua hii sitaiweka kwenye sanduku lako ukaikute Eldoret, ukalia peke yako kwenye kitanda cha ugenini. Mkirudi na hilo blanketi nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kiti hiki mpaka umalize kusoma. Nawasikia getini sasa. Usiniambie sawa, Abba. Nigombeze, mwanangu, kwa sauti yako yote. Niko hapa.

Abba yako,
Guyo